Nyota Katikati, Maua Pembeni

9 Machi

Kwako Kijiko, mke mwenzangu,

Salamu nakupa, ingawa hustahili. Kimya tangu mwaka uanze, halafu barua inakuja na ombi mkononi! Huku wote wazima. Mjomba wako mzima, mkewe naye mzima, na kila asubuhi ananiletea chai nyeupe kama maji ya mchele. Sijui majani anamwekea nani akiba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya tatu nikampa Mjomba anisomee, maana herufi zako siku hizi zinakimbizana kama vifaranga walioona mwewe. Nilichoelewa ni hiki, na kama nimepotea nirudishe njiani. Pale ofisini mnapotengeneza kurasa za kompyuta wamekuweka majaribioni mpaka mwisho wa Agosti. Bosi wako, huyo mama wa miwani, amesema kila mmoja wenu atengeneze blogu yake, tangu msingi mpaka paa, bila kuazima kitu cha mtu. Akiridhika anakuajiri. Asiporidhika unafungasha. Na wewe, kwa akili zako zote, unataka nyuma ya maandishi yako kuwe na vigae vya ukumbini kwetu. Kijiko! Wenzako wanasafiri kutafuta mali, wewe unatafuta sakafu.

Mjomba anasema blogu ni kama daftari mtu analoliacha wazi barabarani, kila apitaye asome. Nikamwambia huyu mtoto hakulelewa hivyo. Akacheka mpaka akakohoa. Haya, andika, lakini usimtaje mtu wa ukoo huu kwa deni wala kwa ugonjwa.

Sasa hilo la kuweka karatasi juu ya kigae nisugue kwa penseli, kama ulivyokuwa ukisugua sarafu ukiwa mdogo, sitafanya. Kuinama ni kazi ya vijana. Nimekuchorea kwa mkono, mchoro upo ndani ya bahasha. Sakafu ile nimeipiga deki tangu mama yako hajaota meno, naijua kuliko uso wangu. Ua katikati, majani yake manane, na mstari kulizunguka. Hapo penseli iliporuka ni mkwe wangu, alinigonga kiwiko akipita na sinia.

Mguu unanisumbua kidogo. Mambo ya uzee, usiulize.

Ni mimi Bibi yako, ninayekuombea na kukusema kwa pumzi moja.

*

28 Machi

Shikamoo Bibi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ili mmoja ukiukataa uupokee wa pili. Mimi sijambo. Chumba changu bado ni kilekile, nikifungua mlango wa kabati lazima nifunge wa nje. Jirani wa juu amenunua viatu vipya, najua kwa sababu navisikia. Msalimie Mjomba na mkewe, na chai yake.

Mchoro umefika na nimeufanyia kazi siku hiyohiyo. Ngoja nikueleze inavyokwenda. Naukata uwe kipande cha mraba, naupiga picha, nauingiza. Kompyuta inakichukua kipande hicho kimoja na kukipanga yenyewe, kando kwa kando, safu chini ya safu, kama fundi asiyeomba maji ya kunywa, mpaka ukurasa ujae. Kwa hiyo ukingo wa kulia lazima uupokee wa kushoto, na wa juu uupokee wa chini. Mstari ukiishia huku, ndipo uendelee kule. Ukikosea hata kidogo, mshono unaonekana, na mtu hasomi tena, anaangalia mshono tu.

Wako ulipojipanga, ule mstari wa kuzunguka ukawa nondo. Kijana wa meza ya jirani akapita akasimama. "Blogu ya nani hii," akauliza, "ya mfungwa?"

Halafu Bibi, usinipige. Ua halikuwa katikati. Nakumbuka nikikaa ukumbini na kile kijiko changu, kilichoniletea jina, nikichokoa mchanga kwenye mshono, na mshono ulipita katikati ya ua. Kila kigae kilikuwa na robo ya ua kwenye pembe. Vigae vinne vikikutana, ndipo ua linakamilika. Katikati ya kigae kulikuwa na kitu kingine. Nilikuwa nakirukia nikienda jikoni ili nisikanyage maua. Ni kitu gani, nimesahau kabisa.

Naomba uangalie. Au Mjomba apige picha kwa simu.

Mguu gani? Wa kulia au wa kushoto? Tangu lini?

Mjukuu wako,
Kijiko

*

2 Mei

Kwako mwalimu wangu mpya,

Pokea salamu, maana siku hizi wewe ndiye unayesahihisha. Huku hatujambo. Mkwe wangu ameshona mapazia, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, tumesifu. Mjomba amenenepa. Mvua ilinyesha juzi, ikapiga bati usiku kucha hata nisisikie redio, nami redio ndiyo mume wangu sasa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Nimeipiga deki sakafu ile kwa magoti yangu, nikaimwagia maji, nikaikausha, nikakulaza juu yake siku za joto ukiwa uchi kama kidole. Leo wewe, uliyekuwa unalamba uji juu yake, unaniambia ua halikuwa katikati! Ua ni ua. Mtu akiingia ukumbini aliona maua, hakuona robo.

Simu ya Mjomba haipigi picha, jicho lake limepasuka. Na usimpigie kumuuliza, anashinda kazini. Wala mimi usinipigie. Sauti kwenye simu inanifikia vipandevipande, nabaki kuitikia nisichokijua. Karatasi hainikatii maneno.

Lakini kwa kuwa nasikia huyo mama wa miwani hana mchezo, nimekubali kushindwa. Nimeinama. Nimesugua kwa penseli kama ulivyotaka, karatasi hiyo hapo. Usiniulize tena mambo ya katikati na pembeni. Fanya kazi, uajiriwe, ule ushibe.

Mguu nilishasema usiulize.

Bibi yako, mwenye sakafu.

*

17 Mei

Shikamoo Bibi,

Salamu zangu leo ni fupi. Mimi ni mzima.

Karatasi uliyosugua ina vidoti. Vidoti vidogo vilivyoinuka, vimejipanga mistari, kigae kizima. Nimeikata, nimeipanga, na kingo zimekutana vizuri ajabu, kwa sababu vidoti havina pa kukosana. Nikakaa naitazama. Vigae vya namna hiyo huwekwa bafuni ili mtu asiteleze. Bafu letu lilikuwa la saruji tupu, na ndoo ya bluu.

Bafu lenye vidoti ni la Mjomba.

Nikarudi kusoma barua zako tangu mwanzo. Mke wa Mjomba anakuletea chai kila asubuhi. Mke wa Mjomba anakugonga kiwiko akipita na sinia. Mvua inapiga bati, na nyumba yetu Bibi ina vigae juu, mvua yake hunong'ona. Umechora ua la sakafu usiyoiona.

Uko wapi? Umehamia kwa Mjomba lini, na kwa nini? Mguu una nini?

Nimemwomba bosi ruhusa. Amenijibu bila kuinua macho kwamba anayeondoka wakati wa majaribio ameondoka. Sawa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu nafungasha. Usihangaike na vigae tena.

Kijiko

*

24 Mei

Kijiko,

Barua hii nimempa Mjomba ampe dereva wa basi mkononi, ikufikie kabla ya hiyo Ijumaa yako. Salamu utazikuta chini nikimaliza kukusema.

Ole wako ufungashe. Nasema ole wako! Hakuna mtu aliyekufa. Nilikuwa naanua nguo mwezi wa pili, kamba ikakatika, mimi nilikuwa nimeishikilia, basi tukaenda chini pamoja, mimi na mashuka. Nyonga ikapata ufa. Nililala hospitali, nikatoka, na mwanangu akaniambia sirudi kukaa peke yangu. Nilimtukana, lakini nilikuwa nimebebwa mgongoni mwake, na mtu hamtukani vizuri aliyembeba. Nyumba yetu amempangisha fundi cherehani, mwanamke mmoja mkimya na watoto wake, wanafagia. Haijauzwa. Ndiyo hiyo habari. Niliwakataza wote kukwambia, na ukiwalaumu utakuwa umenilaumu mimi.

Sasa nisikilize. Mwaka ule uliacha chuo ukaja kumwogesha mama yako, Mungu amrehemu. Mwanangu alikufa ukiwa umemshika mkono, na sitalisahau hilo mpaka naingia kaburini. Lakini chuo hakikukusubiri. Umekaa miaka ukiuza vocha kwenye kibanda cha watu, mtoto mwenye kichwa kama chako, mpaka mlango huu mwingine umefunguka. Deni la mama yako umekwisha kulilipa. Sitaki na mimi niwekwe kwenye hesabu.

Daktari anasema nitatembea ila nifanye mazoezi. Vigae vya chumba hiki vinang'aa na kuteleza kama sahani iliyooshwa. Nikivitazama naona vinaicheka nyonga yangu. Basi nakaa kitandani, na bafuni wananishika huku na huku kama bibi harusi. Vile vidoti nilivisugua nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha kuogea, kwa sababu vigae vya chumbani havishiki penseli. Nikadhani kigae ni kigae, utatosheka.

Ukiacha kazi ukaja, sikufungulii mlango. Na ukweli mlango wenyewe siwezi kuufikia, kwa hiyo utakaa nje kweli.

Salamu. Kula. Lala.

Bibi yako

*

12 Juni

Shikamoo Bibi,

Sikuja. Barua yako ilinikuta begi liko kitandani, zipu imegoma. Nikakaa juu ya begi nikaisoma. Nikacheka hapo pa mashuka, halafu nikalia, halafu jirani wa juu akagonga sakafu yake kwa kiatu kipya.

Nimekasirika bado. Usidhani kuchekesha kwako kumeifuta hasira. Mlinifanya niandike "mguu gani" kama mtu anayeuliza saa, kumbe ulikuwa umelala na nyonga yenye ufa. Nimempigia Mjomba, nimemsema, ameniambia "pole mama" mara nyingi mpaka nikamhurumia.

Nabaki, kwa sharti moja. Kuanzia sasa, kila barua yako ianze na mguu. Ukweli wa mguu kwanza, salamu baadaye, matusi mwisho.

Vigae visikusumbue. Nimechora ukumbi kwa kumbukumbu yangu mwenyewe. Robo za maua nimeziweka pembeni, na zimekutana. Katikati nimeacha peupe. Bosi alipita akaweka kidole kwenye ule weupe. "Hapa pana shimo," akasema. Nikamwambia najua. Akasema Agosti haiko mbali, akaenda zake.

Msalimie mke wa Mjomba. Mwambie aongeze majani ya chai, ni amri kutoka mbali.

Kijiko wako

*

8 Julai

Mguu: unauma nikiinuka, hauumi nikikaa, na jana uliuma vibaya kwa sababu nitakayokueleza.

Salamu: tunazo, chukua.

Hilo la shimo lilininyima raha. Mimi nina mjukuu mmoja, anatengeneza ukumbi wangu, halafu katikati aache shimo watu waulize walezi wake walikuwa wapi? Nikamwambia Mjomba anipeleke kwenye nyumba yangu. Akasema gari la kukodi haliingii uchochoroni kwetu. Nikamwambia, "Na mkokoteni unaobebea saruji dukani kwako, nao hauingii?" Akaniangalia. Nikamwangalia. Mimi ndiye niliyemzaa.

Basi nimepita mtaa mzima juu ya mkokoteni, nimekaa kwenye godoro, mwavuli juu, mwanangu anasukuma na jasho linamtoka. Watu wanauliza, "Bibi, unapelekwa wapi?" Nikawajibu, "Nauzwa, mnatoa ngapi?"

Fundi cherehani akatukaribisha. Amejaza vitambaa ukumbini, nikaomba avisogeze. Wakanishusha chini taratibu, nikapiga magoti kwenye sakafu yangu. Kijiko, magoti yaliijua. Nikatandika karatasi.

Sasa niseme hili haraka lipite. Ua haliko katikati. Liko pembeni, robo robo, kama ulivyosema. Miaka yote ile nilikuwa naangalia sakafu, sikuwahi kuangalia kigae kimoja. Haya, furahi, lakini usiniandikie umefurahi.

Katikati kuna nyota. Ndogo, ina ncha sita, na mbele ya mlango wa jikoni karibu ifutike, kwa sababu kuna mtoto alikuwa anairukia kwa visigino kila akisikia sufuria imefunuliwa. Nimesugua pale karibu na dirisha, ilipobaki nzima. Nimechukua vigae vinne pamoja ili usije ukaniambia kuna ukingo umekosekana.

Kuinuka sikuweza. Mjomba alikuwa ametoka kununua maji. Fundi alitaka kunivuta, nikamwambia acha, utaniongezea ufa. Basi naye akakaa chini, akaleta chai, ya rangi hasa, tukanywa tukiwa tumenyoosha miguu kama wasichana. Kikombe nilikiweka kwenye karatasi. Hiyo duara unayoiona kwenye kigae kimoja ni ya chai. Usiniambie nisugue upya. Mkokoteni umerudi kwenye saruji.

Matusi: sina leo, nimechoka.

Bibi yako

*

3 Septemba

Shikamoo Bibi, shikamoo tena,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka niandike nikiwa na jibu.

Mimi ni mzima kabisa. Mlango wa kabati nimeung'oa, sasa chumba kina nafasi ya mgeni mmoja mwembamba.

Karatasi yako niliifungua kama mtu anayefungua jeraha, polepole. Nikakata nyota moja na robo zake nne. Nilitafuta kigae kisicho na chai, nikakipanga. Bibi, zilikutana. Nilisogeza ukurasa chini, na chini, na chini, na ukumbi ukawa unaendelea tu, kama ule wa utotoni nilipodhani hauishi. Lakini ulikuwa safi mno. Ulikuwa kama wa nyumba ya watu wengine. Nikarudi nikachukua kile chenye duara ya kikombe. Kikijirudia, kila kigae kina chai. Umekunywa vikombe elfu, Bibi, na vyote hukurudisha jikoni.

Bosi alikuja siku ya mwisho. Akavua miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akatafuta mshono kwa kidole. Akatafuta tena. Kisha akaniuliza, "Hii duara ni nini? Kosa?"

"Ni kikombe cha Bibi."

"Inajirudia."

"Ndiyo. Anapenda chai."

Akavaa miwani. Akasema, "Meza yako ni ile ya dirishani. Hamia kesho." Akaenda. Ndivyo anavyofurahi yule.

Nimepata kazi, Bibi.

Maandishi ya kwanza ya blogu yanakuhusu, lakini sijataja deni wala ugonjwa. Nimetaja mkokoteni. Nimekuchapia kurasa kwenye karatasi nene, bila maandishi, vigae vitupu kwa ukubwa wake wa kweli, uone kazi yako. Likizo yangu ni Desemba.

Mguu?

Kijiko wako, mwajiriwa

*

26 Septemba

Mguu: soma mpaka mwisho.

Salamu zako nimezigawa. Kila mtu kapata, mimi nimebakiwa na nyingi. Habari ya kazi niliisoma kwa sauti, Mjomba akatoka nje akasema anaangalia mkokoteni. Alikuwa analia, baba huyu, tangu mdogo ni mwepisi wa machozi. Mkwe wangu aliweka majani ya chai mpaka kijiko kikataka kusimama. Na hiyo chai kwenye mchoro! Ningejua itajirudia hivyo ningetafuta kikombe kisicho na ufa.

Zile karatasi nilikaa nazo siku kadhaa, nikizipanga kitandani juu ya shuka, nyota na nyota, ua linakamilika. Kweli mshono hauonekani. Kisha nikatazama chini, kwenye vigae vinavyong'aa. Nikamwita mkwe wangu, nikamwambia apike gundi ya unga. Akasema, "Mama, kwenye sakafu yangu?" Nikamwambia sakafu yako niliiogopa miezi yote hii, vumilia na wewe kidogo.

Tumezibandika kuanzia kitandani, kingo kwa kingo. Asubuhi ya pili, zilipokauka, nikashuka. Mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye ukuta. Mguu haukuteleza, ulijua ulipo. Nikakanyaga nyota. Nikapumua. Nikakanyaga nyota nyingine. Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu amenyoosha mikono kama anayefukuza kuku, nikamwambia shusha, unanitia woga. Maua sikukanyaga hata moja. Waulize.

Sasa naenda na kurudi kila siku, baada ya chai na kabla ya redio. Inauma, na naenda.

Matusi: wewe mtoto hujui kupima. Karatasi zako zimeishia katikati ya chumba, mlango nauona tu ule pale. Chapa nyingine, za kutosha, uzitume mapema gundi ipate kukauka. Desemba ukifika usiingie tu kama mtu wa nyumbani. Simama nje ubishe hodi, usubiri hata kama nachelewa, na Mjomba asithubutu kugusa kitasa. Nitakufungulia mwenyewe.

Bibi yako